Jibu la mtaalamu: Pesa ya chakula haifiki mwisho wa mwezi, nipunguze wapi?

Swali: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, mkubwa ana miaka 12 na mdogo ana mwaka mmoja na nusu. Pesa ya chakula tunayoitenga inakwisha kabla ya mwezi kwisha. Nilihamia kwenye vitu vya bei rahisi, tambi za paketi na mkate mweupe, lakini saa mbili hazipiti watoto wamesharudi jikoni. Nikaambiwa ninunue kwa jumla, nikanunua, vingine vikaharibika. Nyama nimepunguza na mume wangu ananung'unika. Naogopa nikibana zaidi nitawadhoofisha watoto. Nianzie wapi?

Jibu: Habari ni njema dada yangu. Umetaja matatizo kadhaa ambayo yanaonekana tofauti, ila kwa maoni yangu yanatoka sehemu moja: unaangalia bei iliyoandikwa kwenye paketi. Bei hiyo inakuambia utatoa kiasi gani leo. Haikuambii ni kiasi gani cha ulichonunua kitaliwa kweli, wala kilicholiwa kitamkalia mtu tumboni kwa muda gani. Nitakuonyesha namna ya kuhesabu bei ya pili, ile ya chakula kilichoingia mdomoni na kufanya kazi yake. Ukishaizoea, utabana sana bila mtu yeyote mezani kupunguziwa sahani.

Kabla ya hapo, acha kujilaumu. Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani, Ernst Engel, alipitia hesabu za matumizi ya familia za wafanyakazi nchini Ubelgiji akaona kwamba kadiri kipato kinavyokuwa kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inavyoishia kwenye chakula. Jambo hilo limeonekana tena na tena katika nchi nyingi tangu wakati huo. Chakula kikimeza pesa nyingi nyumbani kwako, haina maana kwamba hujui kuendesha nyumba. Nalisema hili mapema kwa sababu mama anayejilaumu huanza kubana kwa kujinyima yeye, anakula mwisho na anakula kilichobaki. Hatua hiyo nakuomba usiichukue.

Anza na ndoo ya taka, kabla hujagusa orodha ya manunuzi. Ripoti ya mwaka 2024 ya Programu ya Mazingira ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba majumbani peke yake, mtu mmoja hutupa wastani wa kilo 79 za chakula kwa mwaka. Kwa familia ya watu watano kama yenu, hiyo ni zaidi ya kilo moja kila siku. Ni kweli hesabu hiyo inajumuisha na maganda na mifupa ambayo hakuna anayeila, lakini hata ukiyaondoa, kinachobaki si kidogo. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kuwa tofauti kati ya nchi zenye kipato kikubwa na zile za kipato cha kati ni ndogo, kwa hiyo usidhani kutupa chakula ni tabia ya matajiri tu.

Chukua daftari dogo, ulifunge kwa uzi karibu na ndoo ya taka, na kwa wiki moja kila anayetupa chakula aandike kitu gani, kiasi gani, na sababu kwa neno moja. Maneno manne yanatosha: kimeoza, kimebaki, kimeungua, wamekataa. Mpe mtoto wako wa miaka 12 kazi ya kusimamia daftari hilo. Watoto wa umri huo hupenda kukamata makosa ya wakubwa, na hawatakuhurumia. Usibadilishe chochote wiki hiyo. Ukianza kujirekebisha kabla hujaona picha halisi, utarekebisha kitu kisicho na tatizo.

Mwisho wa wiki panga sababu. Kama kinachoongoza ni “kimeoza”, tatizo lako liko kwenye ununuzi na uhifadhi. Kama ni “kimebaki”, unapika bila kipimo. Mchele, kwa mfano, watu wengi huumimina kwa macho, na macho ya mtu mwenye njaa humimina kwa ukarimu. Tafuta kikombe kimoja kiwe cha kupimia mchele na si kazi nyingine. Andika leo vimeingia vikombe vingapi na wali umebaki kiasi gani, kesho punguza robo kikombe, na ndani ya siku chache utakuwa umepata kipimo cha nyumba yako. Kipimo cha mtu mwingine hakitakusaidia, maana hakuna anayejua watoto wako wanakula kiasi gani. Kama sababu kubwa ni “wamekataa”, angalia kwanza walikula nini saa moja kabla ya mlo. Mtoto aliyekunywa juisi na biskuti jioni hawezi kumaliza sahani yake, na wewe utalipa mara mbili: kwa biskuti, na kwa chakula kilichomwagwa.

Sasa nije kwenye ununuzi wa jumla uliokuumiza. Ushauri uliopewa si mbaya, ila ulikuja nusu. Kununua kwa wingi kuna faida kwa kitu kinachotimiza masharti mawili kwa pamoja: kinakaa muda mrefu bila kuharibika, na familia yako tayari inakila kila wiki. Mchele, maharage makavu, dengu, chumvi na sabuni vimo. Nyanya hazimo, hata zikiuzwa kwa nusu bei. Kitu kipya ambacho hamjawahi kukionja hakimo pia. Nunua kidogo kwanza. Unga umo nusu nusu: ule wa nafaka isiyokobolewa una mafuta ya kiini cha nafaka, na kwenye joto huchacha mapema kuliko unga mweupe. Kuhusu wadudu wa nafaka, ukiwa na friza, weka mfuko wa mchele au unga humo siku nne, kisha uache urudie joto la kawaida ukiwa umefungwa vizuri kabla ya kuumimina kwenye chombo. Baridi hiyo huua wadudu pamoja na mayai yao. Usipokuwa na friza, chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana ni lazima, na usichanganye shehena mpya na ya zamani.

Mafuta ya kupikia yana mtego wake. Dumu kubwa ni rahisi kwa lita, lakini mkono unaoinua dumu kubwa humimina zaidi. Mimina mafuta ya wiki kwenye chupa ndogo, dumu ulifunge na kuliweka gizani mahali pasipo joto, kwa sababu mwanga na joto huchachisha mafuta. Chupa ikiisha kabla ya wiki, subiri wiki ifike. Utashangaa jinsi kijiko kimoja kinavyotosha kuunga kitu ulichokuwa unakimiminia vitatu.

Vitu vinavyooza vina kanuni zake, na hapa ndipo ninapoona pesa nyingi ikipotea kimya kimya. Viazi vinataka giza na hewa. Vikipata mwanga hugeuka kijani na kujenga sumu iitwayo solanini, na hapo unatupa. Vitunguu navyo vinataka ukavu na hewa, lakini visikae kapu moja na viazi, maana viazi hutoa unyevu unaoviharibu vitunguu. Ndizi mbivu, tufaha na maparachichi yanayoiva hutoa gesi ya ethilini ambayo huharakisha kuiva kwa kila kilicho jirani; weka mboga za majani karibu nayo na zitageuka manjano kabla hujazipika. Mboga za majani zenyewe zichambue siku ileile uliyonunua, toa majani yaliyoanza kuoza kwa sababu moja huwaambukiza wenzake, kisha zifunge kwenye kitambaa kikavu cha pamba ndani ya mfuko usiobanwa, uweke kwenye friji. Kitambaa hunyonya maji yanayotoka kwenye majani, na maji hayo ndiyo yanayoozesha. Zioshe wakati wa kupika. Kama huna friji, usinunue mboga za majani za zaidi ya siku moja au mbili, hata zikiwa za bei poa.

Ukishajua kipi kinakaa na kipi hakikai, mpango wa wiki unajipanga wenyewe. Siku za mwanzo baada ya kwenda sokoni pika majani na nyanya zilizoiva. Katikati tumia karoti, biringanya, maharage mabichi. Mwisho wa wiki ni zamu ya kabichi, boga, viazi na vile vikavu. Wapo wanaopenda kuandika mlo wa kila siku kwa mwezi mzima. Mimi sioni haja. Anza na kilichopo ndani, uliza kipi kitaharibika kwanza, na hicho ndicho cha jioni ya leo.

Tuhesabu sasa ile bei ya pili. Hatua ya kwanza unaifahamu: gawanya bei kwa uzito, ulinganishe kilo kwa kilo. Fanya hivyo kila mara, kwa sababu watengenezaji hupunguza gramu na kuacha paketi na bei vilevile, na kuna wakati paketi kubwa ni ghali kwa kilo kuliko ndogo. Hatua ya pili wengi huiruka: ondoa kisicholiwa. Kopo la maharage la gramu 400 ukilimwaga maji linabaki na maharage yapatayo gramu 240. Kilo moja ya maharage makavu ikishaiva inakuwa kilo mbili na robo hadi mbili na nusu. Kwa hiyo kilo hiyo moja ni sawa na makopo tisa au kumi. Linganisha bei ya kilo moja kavu, ongeza gharama ya gesi au mkaa, na bei ya makopo tisa, halafu uamue. Wakati mwingine kopo linafaa, siku uliyochelewa kazini. Ila ujue unalipia nini.

Kuku naye ahesabiwe hivyohivyo. Mifupa ni takriban theluthi ya uzito wa kuku mzima. Maana yake kilo ya nyama isiyo na mfupa ni sawa na kilo moja na nusu ya kuku mwenye mifupa. Kama nyama isiyo na mfupa inauzwa zaidi ya mara moja na nusu ya bei ya kuku mzima, kuku mzima ana nafuu, na mifupa unabaki nayo kwa supu. Hesabu hii ifanye ukiwa umesimama mbele ya kuku wenyewe, kwa simu yako.

Hatua ya tatu ndiyo inayojibu kwa nini watoto wako wana njaa baada ya saa mbili. Paketi ya tambi ina wanga mwingi uliokobolewa, protini kidogo na nyuzinyuzi karibu hakuna. Wanga wa aina hiyo humeng'enywa haraka na njaa hurudi haraka. Protini na nyuzinyuzi ndivyo vinavyomshikilia mtu tumboni. Kwa hiyo ulilipa bei ndogo kwa mlo ambao ulidumu nusu ya muda, na ukalipa tena kwa kitu cha kushikia njaa. Isitoshe, kifuko cha viungo kinachokuja na tambi hizo kina chumvi nyingi sana. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na mtoto apungukiwe hapo. Sikuambii uzitupe tambi ulizonazo. Zipike, tumia nusu ya kifuko au chini yake, zitie karoti na kabichi iliyokatwa nyembamba, kisha vunjia mayai mawili dakika za mwisho ukikoroga. Yai moja lina protini gramu 6 hivi. Mlo umebadilika, na gharama haijapanda sana.

Lakini kama ningetakiwa nikuachie silaha moja tu, ningekuachia jamii ya kunde: maharage, dengu, mbaazi, njegere kavu. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina protini gramu 15 hivi, pamoja na nyuzinyuzi, madini ya chuma na foleti, vitamini ya kundi B. Protini hujengwa na vijenzi vidogo: ya nafaka ina upungufu wa kijenzi kiitwacho lisini, ya maharage ina upungufu wa kingine kiitwacho methionini. Ukila nafaka na maharage katika siku moja vinakamilishana. Vyakula hivi vinashindwa nyumbani kwa sababu moja kubwa, navyo ni kupikwa vibaya. Maharage magumu yenye maji maji yataangusha bajeti yoyote, kwa sababu hakuna atakayekubali kuyala mara tatu kwa wiki.

Basi niruhusu nikae hapa kidogo. Chagua maharage yanayong'aa, yasiyo na mikunjo. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu hupata ugumu usiolainika hata ukichemsha nusu siku, na bei yake ya chini unailipa kwenye gesi. Loweka usiku kucha, maji yafike mara tatu ya kimo cha maharage. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, tia maji mapya. Chemsha kwa nguvu, maji yakitokota kabisa, angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto. Hili ni la usalama: maharage mabichi, hasa yale makubwa mekundu, yana sumu ya asili aina ya lektini ambayo huharibiwa na mchemko wa kweli. Jiko la umeme la kupika taratibu kwa joto dogo haliwezi kazi hiyo, hivyo yachemshe kwanza pembeni. Usitie nyanya, ndimu wala siki mapema, kwa kuwa tindikali huzuia maganda kulainika. Magadi yanaharakisha, ni kweli, lakini yanaharibu vitamini B1. Ukiloweka vizuri huyahitaji. Kujua kama yameiva, chukua punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, ziminye kati ya kidole gumba na cha shahada. Zote tano zinatakiwa zipondeke laini hadi katikati, bila kiini cheupe kinachokwaruza. Moja ikigoma, rudisha kifuniko.

Pika kilo nzima kwa mara moja. Moto wa kupika kilo moja haufiki mara nne ya ule wa robo kilo, na hapo ndipo akiba ya nishati ilipo. Yakiwa tayari, gawa kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja pamoja na maji yake, yapoe, yaingie friza. Siku ukirudi umechoka unaunga tu kwa kitunguu, nyanya na kitunguu saumu. Usipokuwa na friza, tegemea zaidi dengu ndogo bapa (adesi), ambazo hazihitaji kulowekwa na huiva ndani ya nusu saa hivi.

Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga hayanyonywi kirahisi kama ya kwenye nyama. Yasaidie kwa vitamini C: kipande cha chungwa, nyanya mbichi, au ndimu ukamulie sahani ikiwa mezani. Chai na kahawa hufanya kinyume chake, hivyo zisubiri kama saa moja baada ya kula. Marekebisho haya mawili ni bure au karibu na bure, na kwa wewe mama pamoja na huyo mdogo, yana uzito mkubwa.

Tumfikie shemeji yangu. Manung'uniko yake usiyapuuze. Mtu anayefanya kazi siku nzima akirudi akakuta mchuzi wenye vipande vitatu vya nyama vinavyotafutana, anaona amepunguziwa heshima. Mimi nashauri muwe na siku chache za nyama ya kueleweka kuliko kila siku yenye dalili ya nyama. Siku ya nyama kila mtu apate kipande chake. Siku nyingine, kunde zilizoungwa zikaungika. Halafu kuna siku za kati: nyama ya kusaga robo kilo ukiichanganya na dengu zilizoiva kiasi hichohicho, ikakaangwa pamoja na vitunguu mpaka ikauke na kushika rangi, inalisha watu watano na wengi hawatambui. Maini mara nyingi huuzwa bei ya chini kuliko nyama na yana chuma na vitamini A nyingi sana, kiasi kwamba mara moja kwa wiki inatosha, na mjamzito ayaepuke. Samaki wadogo wakavu wanaoliwa na mifupa yao huleta protini na madini ya kalsiamu kwa pamoja, hawahitaji friji, na wachache tu wanatosha kuongeza ladha kwenye sufuria nzima. Na kaa na mume wako, mpitie risiti za mwezi pamoja. Mtu aliyeona hesabu kwa macho yake hulalamika kwa namna nyingine.

Ukiwa na risiti hizo mkononi, wekea alama vinywaji na vitafunwa, uvijumlishe peke yake. Mara nyingi hapo ndipo familia hushtuka. Soda ya mililita 330 ina sukari gramu 35 hivi, na Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isivuke asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50. Chupa ya nusu lita inakaribia au kuvuka kikomo hicho peke yake. Sina shida na soda siku ya sherehe. Lakini pesa ya soda na juisi za paketi za wiki ingenunua mayai, na mayai yangewashibisha. Maji safi yawe kinywaji cha mezani. Matunda yaliwe yakiwa mazima. Mtoto hushiba kwa chungwa moja, ila glasi ya juisi humaliza machungwa matatu na bado anauliza chakula.

Kuhusu mboga na matunda, shabaha ni angalau gramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, nayo usiipunguze. Fuata msimu, kwa sababu msimu ukifika bei hushuka na ladha hupanda. Mboga zilizogandishwa ni nzuri; virutubisho vyake havitofautiani sana na vya mboga mbichi, na unatoa kiasi unachohitaji tu. Nyanya zilizolainika zinazouzwa kwa bei ya kutupa ni bahati, mradi uzipike siku hiyohiyo ziwe rojo la kuungia.

Viporo navyo ni pesa, ila vina masharti. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kigawe kwenye vyombo vifupi kipoe haraka, kiingie friji yenye baridi chini ya nyuzi joto 5, na ukikipasha kipate moto hadi katikati, juu ya nyuzi 70. Wali uwe nao makini zaidi: una bakteria ambaye mbegu zake huvumilia kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu huzalisha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Uingie friji mapema, uliwe ndani ya siku moja, upashwe mara moja tu. Nyumba isiyo na friji ipike kinachotosha, basi. Kuharisha kwa mtoto mmoja kunaweza kula akiba ya mwezi.

Nimemwacha mdogo wako mwisho makusudi, kwa kuwa yeye ndiye mtu mmoja ambaye hatakiwi kuingia kwenye mpango wa kubana. Tumbo lake ni dogo na mwili wake unakua kwa kasi, kwa hiyo kila kijiko lazima kiwe na kitu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate kila siku chakula kinachotokana na wanyama, yaani nyama, samaki au mayai, pamoja na mboga na matunda. Yai moja kwa siku ndiyo njia nafuu kuliko zote ninayoijua ya kutimiza hilo. Nyama ikiwa kidogo, isage au iponde yake kwanza, kabla ya sahani za wakubwa. Uji wake usiwe maji; utie karanga zilizosagwa laini au kijiko cha mafuta. Kama bado ananyonya, endelea mpaka afike miaka miwili au zaidi, na wewe unayenyonyesha ule sahani kamili.

Mpeleke kliniki apimwe uzito na urefu kabla hujaanza mabadiliko haya, kisha mrudishe kila mwezi kwa miezi michache. Mstari wake kwenye kadi ukiendelea kupanda kama zamani, mpango unafanya kazi. Ukilala au kushuka, usisubiri mwezi mwingine uone: mrudishie alichokuwa anakula, zungumza na mhudumu siku hiyohiyo, na mbane kwenye matumizi mengine ya nyumba. Na kama mmeshapunguza kote na bado fedha haitoshi kuwalisha, mwambie mhudumu wa kliniki hivyo kwa maneno hayohayo, bila aibu, maana wao ndio wanaojua msaada wa chakula uliopo karibu nanyi.